Mteja wa Chini ya Ardhi

Kuna sentensi moja ambayo Wakenya wengi wameisikia mara nyingi kuliko shairi lolote walilofundishwa shuleni. Inasomwa na sauti ya mwanamke asiye na haraka, na inatuarifu kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani kwa sasa. Ni sentensi fupi, ya kistaarabu, isiyo na lawama. Haikuambii kama huyo mtu amezima simu, ameingia kwenye lifti, amekuchoka, ama amepatwa na jambo. Hapatikani, basi.

Wakenya wakaichukua wakaifupisha, vile tunavyofupisha kila kitu. "Nimekupigia mchana wote ulikuwa mteja." "Huyo msee ni mteja tangu Jumamosi." Hata mama yangu, ambaye hawezi kukubali kwamba anaongea Sheng, huniuliza, "Mbona ulikuwa mteja?" Anamaanisha: ulikuwa wapi, na je, uko salama?

Hebu tulia kidogo na hilo neno. Kwenye kamusi mteja ni mnunuzi, mtu anayehudumiwa. Mtaani mteja ni mtu asiyefikika. Huko Pwani na Dar, teja ni aliyezama kwenye unga hadi ndugu zake wakamkosa. Sijui neno lingine la Kiswahili ambalo limebeba mkataba wetu na kampuni za simu kwa ufupi namna hiyo: ukinunua wewe ni mteja, na ukipotea bado wewe ni mteja.

Hii ni tahakiki, lakini haina kitabu. Ninachohakiki ni hadithi moja inayosimuliwa sana siku hizi, hadithi ya kupeleka mtandao kule ambako haukuwahi kufika, hadi chini ya ardhi, pamoja na maneno inayotumia kujisimulia. Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kuniuliza natumia nadharia gani. Ninayo moja tu. Ukitaka kujua mtandao ni wa nani, usiangalie juu kwenye mnara. Angalia chini.

*

Tuanze na jiwe. Simu huongea na mnara kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hayaelewani na mwamba. Dirishani yanapita vizuri, ukutani yanapita kwa shida, na yakikutana na mita kadhaa za udongo na mawe yanaisha nguvu. Ndiyo maana ukishuka kwenye maegesho ya chini ya jumba la maduka, M-Pesa inakwama na mlinzi anasubiri umlipe. Kwa mtu wa Nairobi ama Nakuru hiyo ni kero ya dakika mbili. Kwa miji yenye treni za chini ya ardhi, ilikuwa hali ya kila asubuhi kwa mamilioni ya watu.

New York ilianza kuwapa abiria mtandao wa simu kwenye vituo vya chini Septemba 2011, na ilianza na vituo 6 tu. Hadi vituo vyote 279 vya chini viunganishwe ilikuwa Januari 2017. Hata hapo, vilivyounganishwa ni vituo. Treni ilipoingia tu kwenye handaki ulikuwa mteja tena, hadi kituo kilichofuata. London iliweka waifai vituoni 2012, mwaka wa Olimpiki. Mtandao wa 4G ndani ya mahandaki yenyewe ukaanza Machi 2020, kwenye sehemu ya laini ya Jubilee kati ya Westminster na Canning Town. Treni za chini za London zilianza 1863. Zaidi ya miaka 150 ya kuchimba, na simu bado ilikuwa inakufa pale ngazi zinapoishia.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Huwezi kurusha mawimbi kutoka juu ukitumaini yatapenya. Lazima uyashushe kwa kebo. Ndani ya mahandaki hutumika kebo maalum ambayo ganda lake la nje lina matundu yaliyowekwa kwa makusudi, ili mawimbi yavuje kidogo kidogo njia nzima, kama mpira wa kumwagilia sukuma wiki uliotobolewa kwa sindano. Kwa maneno mengine, mtandao wa chini ya ardhi ni uvujaji uliopangwa. Weka hiyo picha akilini, kwa sababu mpira huwa na mfereji wake, na mfereji una mwenyewe.

Sisi hatuna treni ya chini ya ardhi. Kitu cha karibu tulicho nacho ni handaki la Ngong, la kilomita 4.5 hivi, kwenye reli ya SGR ya kilomita 120 kutoka Nairobi kuelekea Naivasha, iliyofunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Oktoba 16, 2019. Treni ya abiria ikaishia Suswa, na watu wakacheka sana, eti reli ya kwenda nyasini. Lakini reli hiyo ilikuwa na mantiki yake. Karibu na Mai Mahiu palipangwa eneo maalum la viwanda, na chambo cha kuvuta viwanda kilikuwa umeme wa bei nafuu wa jotoardhi kutoka Olkaria. Kwa hivyo ukitoka kwenye lile giza na Bonde la Ufa likafunguka mbele yako, unaelekea mahali ambapo chini ya ardhi si pa kupitia tu. Hapo, chini ndiko mali iliko.

*

Kabla hatujafika Olkaria, tuwasikilize wapinzani, kwa sababu wengi wao ni watu wetu. Ni waandishi na wasomaji. Wao husema: tuachieni mahali pamoja tu. Treni ya chini ilikuwa maktaba ya mwisho. Umebanwa, hakuna arifa, hakuna bosi, unafungua kitabu. London imekuwa ikibandika mashairi ndani ya mabehewa tangu 1986, kwenye nafasi za matangazo, kwa mradi unaoitwa Poems on the Underground, na nadhani sehemu ya utamu wake ni kwamba abiria hakuwa na pengine pa kukimbiza macho. Msomaji mateka.

New York ikajaribu kuwa mjanja zaidi. Agosti 2016 mamlaka ya usafiri na mchapishaji Penguin Random House walizindua Subway Reads. Abiria akiunganishwa na waifai ya kituo, anapata bure hadithi fupi ama kipande cha kitabu, na anachagua kulingana na urefu wa safari yake. Nililipenda wazo hilo niliposoma habari zake. Pia liliniogopesha kidogo, vile hadithi inapimwa kwa dakika kama nyama ya robo. Ilidumu wiki chache, halafu waifai ikabaki kwa matumizi ambayo sote tunayajua.

Nawaelewa wanaolilia kimya. Nimemaliza riwaya nzima ndani ya mathree za Nakuru na Naivasha kwa sababu tu bando lilikuwa limeisha, na zilikuwa safari nzuri. Lakini hapa ndipo malalamiko yao yanaponichosha. Wanaongea kama kwamba kimya ni kitu kimoja. Kimya ni kitamu ukiwa na uwezo wa kukivunja. Kuna mtu anayezima simu Jumapili ili apumzike, na kuna mtu ambaye hafikiki wakati maji yanakuja. Sauti ile ya kwenye simu inawaita jina moja. Sisi hatuna ruhusa ya kuwachanganya.

*

Nasema maji kwa sababu nazungumzia mahali maalum. Ol Njorowa ni korongo ndani ya mbuga ya Hell's Gate, jirani kabisa na mitambo ya Olkaria. Lilichongwa na maji zamani, enzi Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini. Ni pazuri vibaya. Kuta zinapanda, anga inabaki utepe mwembamba, na sehemu zingine unaweza kugusa pande zote mbili ukinyoosha mikono. Kwa mawimbi ya simu, korongo kama hilo ni handaki lisilo na paa.

Aprili 2012 vijana wa kundi la kanisa walikuwa ndani maji yalipofika, na baadhi yao hawakutoka. Septemba 1, 2019 ikatokea tena. Walikufa watu 7, watalii na mwelekezi wao. Ubaya wa mafuriko ya korongo ni kwamba mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha mbali, huko miinukoni, na wewe uko chini unapiga selfi kwenye kivuli. Ili upone, habari ya mvua inabidi isafiri haraka kuliko maji ya mvua. Ukiondoa matangazo yote, hiyo ndiyo maana ya mawasiliano: jambo la mbali likufikie kabla ya madhara yake.

Kisha ikaja Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalikuwa yamejikusanya pande za Kijabe, nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia ya maji inayopita chini ya tuta ilikuwa imezibwa na mawe, matope na magogo. Watu wengi walidhani ni bwawa limepasuka. Serikali ikaeleza kwamba halikuwa bwawa. Lilikuwa handaki chini ya reli, lililoziba. Likaachia gizani, na kijiji cha Kamuchiri kikabebwa. Walikufa watu zaidi ya 50.

Soma tena hayo maneno: handaki, chini ya reli, usiku. London na New York, swali la mtandao wa chini ya ardhi lilikuwa je, abiria ataweza kutuma barua pepe akiwa kwenye treni? Hapa kwetu swali hilo linaonekana dogo sana. Swali letu ni nani anajua kinachojaa chini ya reli, na anamwambia nani, na saa ngapi.

Na jibu la kiufundi lipo, wala si jipya. Mnara mmoja wa simu unaweza kutuma ujumbe kwa simu zote zilizo ndani ya eneo lake kwa mpigo mmoja. Hauhitaji kujua nambari yako. Hauhitaji uwe na salio wala bando, wala simu ya bei. Nchi kadhaa huutumia kwa matetemeko na mafuriko. Unaweza kusema maneno manne tu: maji yanakuja, panda juu. Sidai kwamba ujumbe ungeokoa kila mtu Kamuchiri. Hakuna mtu mwenye haki ya kudai hivyo mbele ya waliofiwa. Dai langu ni dogo, ila kwangu ndilo zito: mtandao unaoweza kuniamsha saa nne usiku na ofa ya bando la saa moja umeshatatua tatizo la kunifikia. Kilichobaki ni uamuzi wa kunifikia kwa ajili gani.

Hapo ndipo maana mbili za mteja zinapogongana. Kama mnunuzi, napatikana saa zote. Kama mtu anayelala bondeni, hapatikani kwa sasa.

*

Sasa tuyatazame maneno ambayo hadithi hii imejivalisha. Mwishoni mwa 2013 Nakuru ilipata waifai ya bure katikati ya mji, kazi ya kampuni ya Liquid Telecom pamoja na serikali ya kaunti. Ikapewa jina tamu: Bilawaya. Neno moja, limeunganishwa, linateleza mdomoni kama jina la wimbo.

Kama jina nalipa alama nyingi. Ni Kiswahili, linaeleweka na nyanya na mjukuu, na halijaomba Kiingereza ruhusa. Kama maelezo, linadanganya. Hakuna mtandao usio na waya. Waifai ni waya iliyokosekana kwenye zile mita chache za mwisho tu, kati ya kisanduku ukutani na mkono wako. Nyuma ya kisanduku kuna nyuzi za kioo zilizozikwa kando ya barabara, na nyuzi hizo zinashuka hadi Mombasa, ambako kebo za kwanza za aina hiyo kutoka chini ya bahari zilitua 2009. Ukituma picha kutoka barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, inaruka hatua chache hewani halafu inatumia maisha yake mengine yote chini ya ardhi na chini ya maji. Tunachokiita kitu cha hewani ni kitu cha chini kwa chini, kwa maana zote mbili za maneno hayo.

Na bonde hili linazijua waya tangu zamani. Reli ya Uganda ilifika Nakuru 1900, na pamoja nayo zikaja waya za telegrafu zikielekea ziwani. Zilipopita nchi ya Wanandi, vijana wakazikata wakatengeneza mapambo. Rekodi za wakoloni zinaliita hilo wizi. Mimi nalisoma kama tahakiki ya kwanza ya mtandao katika sehemu hii ya dunia. Hao vijana waliona kitu ambacho jina Bilawaya linatusahaulisha: kwamba ni shaba, ina uzito, imepita kwenye ardhi ya watu bila kuwauliza, na inabeba maneno ya wengine. Maneno hayo hayakuwahusu. Shaba iliwahusu.

Neno la pili ni wingu. Tunahifadhi picha kwenye wingu, tunafanya kazi kwenye wingu. Mei 2024, wakati Rais Ruto yuko ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Muungano wa Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya. Kiini chake ni kituo cha data Olkaria, kitakachoendeshwa kwa jotoardhi, kikianza na megawati 100, na matumaini ya kufika gigawati 1 baadaye. Ili upate picha, gigawati 1 ni takriban jotoardhi yote ambayo Kenya ilikuwa na mitambo ya kuizalisha wakati huo. Mwaka huo huo, nchi nzima ikiwa imewasha kila kitu kwa pamoja, ilihitaji zaidi ya megawati 2,100.

Yaani wingu litatua chini. Litakaa juu ya visima vinavyoweza kwenda kina cha kilomita 3, vikitoa mvuke unaozungusha mitambo tangu 1981, mwaka ambao kiwanda cha kwanza cha Olkaria kilianza na megawati 15. Mtu yeyote aliyewahi kusimama pale asubuhi ya baridi ameyaona mawingu ya kweli yakitoka kwenye mabomba, yananuka yai lililooza, yanapaa juu ya twiga na pundamilia. Ukiniuliza, hiyo ndiyo picha sahihi ya wingu kuliko ile alama ndogo nyeupe kwenye simu yako. Lina harufu. Lina mabomba. Lina jirani.

*

Jirani wa wingu ni Wamaasai. Agosti 2014, ili kupisha kiwanda cha Olkaria IV cha megawati 140, familia za vijiji 4 zilihamishiwa mahali papya panapoitwa RAPland. Jina hilo limetokana na herufi za kwanza za waraka wa Kiingereza, mpango wa kuwahamisha watu hao. Nimejaribu kufikiria kijiji kingine kilichopewa jina la karatasi iliyokianzisha, nimeshindwa. Mtoto anazaliwa pale, anaulizwa kwao ni wapi, anataja jina la faili.

Wakazi walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimekopesha pesa za mradi. Upatanishi ukafanyika, na makubaliano yakapatikana 2016. Kwa gazeti la biashara hiyo ni habari ya fidia na barabara. Kwa gazeti la fasihi, kuna jambo moja kwenye uchunguzi wa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia ambalo halipaswi kupita kimya: jopo lilikuta kwamba Kimaa hakikutumika vya kutosha kwenye mashauriano, na hilo liliwabana wazee wasiweze kushiriki ipasavyo kwenye uamuzi kuhusu ardhi yao.

Fikiria hicho kikao. Wazee wapo, wamekaa, wanaonekana. Hakuna mlima kati yao na msemaji, hakuna mwamba. Na bado hawapatikani. Tunapoongea kuhusu maeneo yasiyo na mtandao, huwa tunachora ramani yenye madoa meupe tunapoulizia minara. Doa jeupe lingine ni la lugha, nalo halionekani kwenye ramani ya kampuni yoyote. Ndani ya ule mpango wa Mei 2024 kulikuwa pia na ahadi ya kufundisha mashine kuelewa Kiswahili na Kiingereza. Kama mwandishi wa Kiswahili nafurahi, kwa nini nifiche? Lakini umeme wa kuifundisha mashine Kiswahili utatoka kwenye ardhi ya watu ambao, walipoambiwa wahame, lugha yao haikutosha kuwekwa mezani. Kiswahili chetu, ambacho tumezoea kukiona kama mnyonge mbele ya Kiingereza, pale Olkaria kilikaa upande wa wenye faili.

*

Nilisema mpira wa kumwagilia una mfereji, na mfereji una mwenyewe. Turudi hapo, kwa sababu ni sehemu ya hadithi ambayo watangazaji huiruka.

Juu ya ardhi, simu yako inaweza kushika mnara huu ama ule. Chini ya ardhi kuna mfumo mmoja, na mara nyingi mwenye handaki ndiye anayeushika. Agosti 11, 2011, mamlaka ya treni za San Francisco, BART, ilikuwa na taarifa kwamba maandamano yanapangwa kwenye vituo vyake. Polisi wake walikuwa wamemuua Charles Hill mwezi uliotangulia, na watu walikuwa na hasira. Mamlaka ikazima huduma ya simu kwenye vituo vya chini vya katikati ya mji kwa saa kadhaa. Haikuhitaji kubomoa mnara. Ilizima mitambo yake yenyewe. Abiria wote wakawa wateja kwa pamoja, wenye hasira, wasio na hasira, na mwenye mgonjwa nyumbani.

Sisi hatukuhitaji kuwa chini ya ardhi ili tuonje hayo. Jumanne ya Juni 25, 2024, siku ambayo vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge, intaneti ilisuasua nchi nzima. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa hitilafu kwenye kebo za chini ya bahari. Wengi mtaani hawakuyaamini, na sina chombo cha kupima kebo. Ila nilichojifunza siku hiyo ni cha kihakiki: kwa mara ya kwanza watu wa rika langu walianza kuongea kuhusu kebo. Tuliozoea wingu na hewa, ghafla tukawa tunauliza kebo iko wapi, ni ya nani, na nani amesimama karibu na swichi. Nchi nzima ilikuwa abiria ndani ya handaki moja.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaotaka chini kubaki kimya, na sikubaliani na wanaoshangilia kila kebo inayoshuka. Wa kwanza wanasahau Ol Njorowa. Wa pili wanasahau San Francisco. Mtandao ukishuka chini unaweza kukuokoa, na unaweza pia kukukabidhi mzima mzima kwa mtu mmoja mwenye ufunguo. Mambo haya mawili yanakuja kwenye kebo moja, hayawezi kutenganishwa kwa kulipia bando kubwa zaidi.

Kinachoweza kufanyika ni kusoma masharti. Utepe unaofuata ukikatwa, iwe ni handakini, korongoni, kwenye kituo cha treni ama kwenye ukuta wa kituo cha data Olkaria, tuuliza mambo matatu. La kwanza, nani anashika swichi, na ni nani anayeweza kumkataza asiizime. La pili, ni ujumbe gani utakaomfikia mtu ambaye hana senti kwenye laini yake. La tatu, ujumbe huo utasemwa kwa lugha gani. Na Olkaria, jibu lisilo na Kimaa ndani yake ni jibu la 2014.

Mradi utakaojibu hayo nitausifu kwenye ukurasa huu huu, tena kwa furaha. Kwa sasa nimesoma matangazo mengi ya mtandao mpya, kutoka Bilawaya hadi wingu la mvuke, na mengi yanakazana kujibu swali ambalo sikuuliza, kwamba kasi yake ni ngapi.